Mizani Haina Ndugu: Tukimkumbuka Ndugu Yetu Paul Bomani



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia ya kwetu. Mwaka huu nafasi hiyo imepewa Kamati ya Fedha, na sisi watu wa hesabu hatukuhangaika kutafuta wa kumwandika. Mwaka 2025 inatimia miaka 100 tangu azaliwe marehemu Paul Bomani, na miaka 20 tangu atutoke. Mtu aliyewafundisha wakulima wa pamba wa Usukuma kupima mali yao wenyewe anastahili kuandikwa na kamati inayoshika daftari la michango yenu.

Wapo watakaouliza: Bomani ni ndugu yetu kwa ukoo gani? Hakuzaliwa Magu, wala wengi wetu hatuna udugu wa damu na familia yake. Jibu walishalitoa wahenga: undugu ni kufaana, si kufanana. Nyumba nyingi za kwetu zilizopata bati la kwanza zililipata kwa fedha ya pamba, na fedha hiyo ilifika mkononi mwa babu zetu ikiwa na nafuu kwa sababu ya kazi iliyoanzishwa na kijana huyu na wenzake. Baba zetu walilipiwa karo kwa pamba hiyo hiyo. Kwa hiyo tunamwita ndugu, na tunamkumbuka kama ndugu: kwa upendo, lakini bila kuficha jambo.

Mwana wa mhubiri

Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, katika familia ya mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, akasoma katika shule za misheni. Nyumba ile ilitoa watumishi wa nchi zaidi ya mmoja. Mdogo wake, Mark Bomani, alisomea sheria na akawa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia mwaka 1965 hadi 1976.

Kazi ya awali ya Paul haikuwa ya jukwaani. Kuanzia mwaka 1945 alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947, akiwa na miaka 22, alihamia Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Tunawaomba vijana wetu waitazame vizuri hatua hiyo. Kabla ya kuwa mwanasiasa, alikuwa mtu wa leja na stakabadhi. Aliingia katika historia ya nchi akiwa na kalamu ya karani.

Mwanza ya wakati huo ilikuwa mji wa pamba. Magari yalishuka kutoka vijijini yamejaa magunia, vinu vya kuchambua pamba vikanguruma msimu mzima, na marobota yakaondoka kwenda ng'ambo. Vinu karibu vyote, na biashara yote ya kununua, vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia. Mwafrika alilima, akapalilia, akachuma, akabeba. Alipofika kwenye mizani, kazi yake iliishia hapo, na neno la mwisho likawa la mwenye mizani.

Mizani ya mnunuzi

Wazee wetu wanaosimulia habari za magulio ya pamba ya zamani hawaanzi na bei. Wanaanza na mizani. Bei ilikuwa ikitangazwa na serikali, kila mtu anaijua. Kilichokuwa hakijulikani ni uzito. Mizani inaweza kuanzia chini ya sifuri kabla gunia halijawekwa. Mnunuzi anaweza kusoma haraka na kuandika namba ambayo mkulima hawezi kuihakiki. Gunia tupu linaweza kukatwa uzito kuliko uzito wake halisi. Pamba safi, iliyochambuliwa kwa mikono ya mama na watoto barazani hadi usiku, inaweza kuitwa fifi kwa neno moja tu la mnunuzi, na bei ikashuka palepale.

Tupige hesabu kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Chukua mfano wa mkulima anayepunjwa ratili 4 tu katika kila ratili 100. Mtu anaweza kusema ni kitu kidogo. Lakini mkulima huyo akileta magunia 25, gunia 1 zima amelitoa bure. Amelilimia, amelipalilia, watoto wamelichuma juani, na hakuna aliyemlipa. Wakulima 25 wa aina hiyo wakiwa kijiji kimoja, ni sawa na mmoja wao kulima mwaka mzima kwa ajili ya mnunuzi. Wizi wa aina hii haupigi kelele, na mwenye kuibiwa anaweza kuondoka akishukuru.

Hapa ndipo Bomani na wenzake walipoanzia. Hawakuanza kwa kudai kinu, wala kwa kudai bei mpya. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe. Wakulima walichangishana, mpimaji wao akasimama gulioni na mizani yake, na gunia likapimwa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mkulima alipofika mbele akiwa na namba yake kichwani, mazungumzo yalibadilika. Mnunuzi alijua kwamba anayesimama mbele yake anajua.

Ulikuwa mpango rahisi, na nguvu yake ilikuwa katika urahisi huo. Haukuhitaji mtaji mkubwa wala ruhusa ya Gavana. Ulihitaji mtu mwaminifu, mizani iliyo sawa, na mchango mdogo wa kila mkulima. Pia haukuwa mgeni kwa watu wetu. Usukumani tulikuwa na basumba batale, viongozi wa vijana waliokusanya nguvu kazi ya kijiji kulima shamba la huyu leo na la yule kesho. Kushirikiana kulikuwapo. Kilichoongezwa ni daftari.

Kutoka mizani hadi shirikisho

Mwaka 1952 Bomani alikuwa mstari wa mbele kuunda umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa. Kutoka hapo vyama vya msingi vya ushirika vikaanza kuandikishwa, kijiji baada ya kijiji. Mwaka 1953 alikwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika, akarudi mwaka uliofuata. Mwaka 1955 vyama vilipokuwa vimeungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililojulikana kama VFCU, yeye ndiye aliyekuwa meneja mkuu. Alikuwa na miaka 30.

Mwaka uliofuata shirikisho lilianza kuchambua pamba katika kinu chake lenyewe, kule Kasamwa, Geita. Kwa mkulima hilo lilikuwa na maana mbili. Kwanza, faida ya kuchambua, iliyokuwa ikibaki kwa mwenye kinu, sasa ilirudi katika vyama. Pili, mbegu na nyuzi zilipimwa na watu wake. Mizani ilikuwa imesogea kutoka gulioni hadi ndani ya kinu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vyama vilinunua sehemu ndogo tu ya pamba ya Jimbo la Ziwa. Kufikia mwisho wa muongo huo, vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300, na pamba ya wakulima wa jimbo ikawa inanunuliwa kupitia ushirika. VFCU likatajwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika ya Waafrika katika bara zima. Kwa mtu aliyewahi kuendesha hata kikundi cha watu 20 cha kufa na kuzikana, hebu fikiria: mamia ya vyama, maelfu kwa maelfu ya wakulima, wengi wao wasiojua kusoma, barabara za udongo, na fedha taslimu za msimu mzima zikisafirishwa vijijini kwa magari. Kila chama kilihitaji katibu anayeweza kuandika, kamati inayoaminika, mizani iliyokaguliwa na hesabu zinazosomeka.

Vijana waliomaliza darasa la nne au la nane wakapata kazi ya ukarani katika vyama hivyo. Kwa familia nyingi za kwetu, hiyo ndiyo iliyokuwa ajira ya kwanza ya kalamu. Ukimuuliza mwanachama wetu yeyote ambaye babu yake alikuwa katibu wa chama cha ushirika, atakuambia jinsi daftari lilivyohifadhiwa ndani ya sanduku pamoja na nguo za sikukuu.

Ushirika na uhuru

Wanaoandika historia ya uhuru mara nyingi hutaja Dar es Salaam, na wana haki. Lakini Jimbo la Ziwa lilikuwa na njia yake. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, Bomani alikuwa tayari miongoni mwa viongozi wa African Association kwa upande wetu. Haikupita muda, serikali ya kikoloni ikakizuia chama hicho kufanya kazi katika jimbo letu, na zuio hilo likadumu hadi mwaka 1958.

Katika miaka hiyo ambayo siasa ilifungwa mdomo, ushirika haukufungwa. Mkutano wa chama cha pamba ulikuwa halali. Watu walikaa chini ya mti, wakachagua mwenyekiti na katibu kwa kura, wakasomewa mapato na matumizi, wakauliza maswali na kujibiwa. Mkulima aliyezoea kuamriwa na mwanangwa na mtemi, na juu yao Bwana Shauri, sasa alikuwa na mahali anapoweza kusimama akasema: hesabu hii siikubali, ielezwe upya. Hatujui darasa la uraia lililo bora kuliko hilo. Mwaka 1958, watu wa Geita walipotembea kwenda Mwanza kupinga halmashauri waliyowekewa bila ridhaa yao, walikuwa watu waliokwisha kujifunza kukutana na kuamua.

Bomani mwenyewe aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria miaka hiyo ya katikati ya 1950, na mwaka 1960, Mwalimu Nyerere alipounda serikali ya kwanza ya madaraka, akawa mmoja wa mawaziri wake. Mwaka 1962 akakabidhiwa Wizara ya Fedha. Karani wa Mwadui sasa alishika mfuko wa nchi changa yenye mahitaji makubwa na mapato madogo. Ni katika kipindi chake, Juni 1965, ambapo Tanzania, Kenya na Uganda zilitangaza kwamba kila moja itaanzisha benki kuu yake na sarafu yake.

Mwaka 1965

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu mwingi wa marehemu hupita haraka. Sisi tutakaa hapo kidogo.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea walikuwa wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mwasisi wa VFCU, aligombea Mwanza Mashariki. Wapiga kura wakamwangusha.

Habari hiyo ilishtua nchi. Wakati huo Magu yetu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mwanza, na wapo wazee waliobaki wakiulizana: imekuwaje watu wa pamba wamkatae mtu wa pamba? Wengine wakasema ni utovu wa shukrani. Maneno hayo bado huyasikia mtu hadi leo.

Sisi hatudhani hivyo. Katika miaka ile mkulima alikuwa na malalamiko ya kweli. Bei ya pamba haikumridhisha. Makato yalikuwa mengi, na hakuelezwa vizuri kila moja linakwenda wapi. Vyama vya ushirika, vilivyoanzishwa ili kumlinda asipunjwe, katika sehemu nyingi vilikuwa vimejaza waajiriwa kupita uwezo, hesabu zimechelewa, na wakati mwingine fedha hazionekani. Waziri wa Fedha hubeba lawama za kodi hata asizozibuni, na mwasisi wa ushirika hubeba lawama za ushirika hata alipokwisha kuuacha. Bomani alikuwa yote mawili.

Kwa hiyo wakulima wakafanya alichowafundisha. Wakapima. Walikuwa na mtu waliyempenda na aliyewafaa, na bado wakaweka kazi ya serikali na ya ushirika kwenye mizani, wakaona imepungua, wakaandika namba waliyoiona. Mwaka 1950 mkulima wa kwetu hakuthubutu kumwambia mnunuzi kwamba mizani yake imepinda. Mwaka 1965 alimwambia Waziri wa Fedha. Kama hiyo si sifa kwa mwalimu wao, basi hatujui sifa ni nini.

Kwamba hawakuwa wanazua mambo, kulionekana mapema. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa ushirika nchini. Kamati ikakuta yale yale: vyama vilivyokua haraka kuliko watumishi wake, wizi, hesabu mbovu, na wanachama wasiojua kinachoendelea ndani ya chama chao. Serikali ikaingilia uendeshaji wa VFCU, na kabla muongo ule haujaisha shirikisho hilo likapangwa upya na kuwa Nyanza.

Tunaandika haya bila kumvunjia heshima marehemu. Mtu akifa, sisi Waafrika huwa tunakunja jamvi la makosa na kuliweka mvunguni. Ni desturi ya upole, na ina mahali pake wakati wa msiba. Lakini baada ya miaka 20 machozi yamekauka, na historia isiyo na upande wa matumizi ni nusu ya hesabu. Bomani aliyeshinda peke yake ni picha ya ukutani. Bomani aliyeshinda, akashindwa, akaendelea kutumika, huyo ni ndugu tunayeweza kujifunza kwake.

Baada ya kura

Maana aliendelea. Mwalimu alimteua kuwa mbunge, akampa Wizara ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo. Hakukimbia nchi, wala hakuanzisha chama cha manung'uniko. Mwaka 1972 alikwenda Marekani kuwa balozi wetu Washington, akakaa huko hadi mwaka 1983, muda mrefu kuliko wengi wanavyodumu katika kiti kimoja. Aliporudi alitumika tena serikalini.

Miaka hiyo ushirika wa nyumbani ulipita katika misukosuko. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya serikali, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na Nyanza ikasimama tena. Kisha, kuanzia msimu wa 1994/95, soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Leo pamba yetu inapita kwenye AMCOS, na mjadala gulioni umerudi ulikokuwa siku za babu zetu: mizani. Mizani za rula zimelalamikiwa, mizani za kidijitali zimedaiwa. Na tuseme ukweli wote: wapo pia wakulima wanaomwagia pamba maji au kuichanganya na mchanga ili gunia lizidi uzito. Mizani hupindwa kutoka pande zote mbili.

Wengi wa kizazi chetu hatukumwona Bomani gulioni. Tuliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulimwona kwa namna nyingine: ndiye aliyekuwa Mkuu wa Chuo, mzee katika joho, akitutunuku shahada. Baadhi yetu tulitunukiwa shahada za biashara na uhasibu, tukiwa watoto na wajukuu wa wakulima wa pamba. Tulipiga makofi kama wenzetu, tukaenda kupiga picha. Leo tunaona uzito wa jambo lile. Mtu aliyeanza kwa kumtafutia babu mpimaji mwaminifu aliishi hadi kumtunuku mjukuu shahada ya kukagua hesabu.

Alifariki tarehe 1 Aprili 2005, akiwa na umri wa miaka 80. Mwenyezi Mungu aendelee kumpumzisha kwa amani.

Deni letu

Ndugu wanachama, tumeandika historia hii kwa sababu ya jambo lililo mbele yetu.

Katika mkutano mkuu uliopita, kamati ilileta mapendekezo matatu. Kila mchango, hata wa shilingi elfu moja, upewe stakabadhi. Hesabu za chama zikaguliwe na mtu asiye mwanachama. Na taarifa ya mapato na matumizi isomwe nyumbani, mbele ya wanakijiji, si hapa Dar es Salaam peke yake. Baadhi ya wenzetu walikwazika. Walisema: sisi ni ndugu, tunajuana hadi makaburi ya mababu, sasa tunadaiana stakabadhi kama watu wasiofahamiana sokoni? Mnatuona wezi?

Tunaliheshimu swali hilo, kwa kuwa limetoka kwa watu waliojitolea kuliko wengi. Jibu letu ni historia mliyoisoma. Ushirika wa pamba haukuangushwa na wageni. Uliumia katika zile sehemu ambazo katibu alikuwa ndugu, mwenyekiti ndugu, mpimaji ndugu, na kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuongeza "isipokuwa ya ndugu". Stakabadhi humlinda anayetoa, lakini humlinda zaidi anayepokea, kwa sababu siku maneno yatakapozuka, na maneno huzuka, atakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kumwandikia mtu stakabadhi si kumtuhumu. Ni kumtunzia jina lake.

Harambee ya mwaka huu ni ya bweni la wasichana katika sekondari ya kata. Kila mzazi wa kwetu anajua binti anayetembea alfajiri kwenda shule, na kila mmoja anajua wapo walioishia njiani, masomo yakakatika. Watoto hao ni vitukuu vya wale waliochambua pamba barazani usiku, wakitenga safi na fifi, wasifike kwenye mizani kuona ilivyosomwa. Safari hii tunataka na wao waone. Ndiyo maana kamati ya ujenzi kijijini ina akina mama, na wao ndio watakaohesabu saruji inaposhushwa, nondo zinapofika na bati linapofunguliwa. Wakihesabu, wataandika. Wakiandika, tutachapisha katika kijitabu cha mwakani, ikiwa imezidi au imepungua.

Taarifa ya fedha ya mwaka unaoishia iko mwishoni mwa kijitabu hiki. Tunaomba uisome kabla ya kutoa mchango wako. Ukiona mahali hapaeleweki, uliza mkutanoni, mbele ya watu, nasi tutajibu mbele ya watu. Ukiridhika, toa kadiri Mungu alivyokujalia, na usiondoke bila stakabadhi yako.



Kamati ya Fedha